Bustani kwa watu wa naiti: kichwa kinatulia sawa, usingizi je?

Kuna ushauri unazunguka sana siku hizi kwa watu wanaofanya kazi usiku, manesi, walinzi, vijana wa viwandani, waoka mikate, kwamba ukitoka shifti usikimbilie kitandani na stresi zako, shika udongo kwanza, mwagilia mchicha wako, palilia nusu saa hivi, kichwa kitatulia na usingizi utakuja wenyewe. Wenzetu Marekani wameipa hadhi kabisa, kwao ni tiba, ina wataalamu wake na chama chao kipo tangu 1973. Na huku kwetu watu wameupokea vizuri tu maana nani asiyejua raha ya kuona matembele yamechipua baada ya mvua. Mimi nusu ya huo ushauri naikubali. Nusu ya pili, ile ya usingizi, naona inaweza kumharibia mtu wa naiti kabisa asipoangalia ni saa ngapi anashika hilo jembe.

Tuanze na stresi, maana huko ushahidi upo. Mwaka 2011 Uholanzi walichukua watu 30 wenye viploti vyao vya bustani Amsterdam, wakawapa kwanza zoezi la kuwachosha akili, alafu wengine wakaenda kulima nusu saa na wengine wakakaa ndani kusoma nusu saa. Kotisoli, ile homoni ya mwili ukiwa kwenye presha, ilishuka kwa wote ila kwa waliolima ikashuka zaidi, na hali yao ya moyo ikarudi vizuri wakati waliosoma ikazidi kudorora. Sasa usisahau, hawa ni watu wenye bustani zao tayari, yaani wanaipenda hiyo kazi kabla hujawapima, ni kama kumpima mshabiki wa mpira furaha yake uwanjani. Na wako 30 tu. Lakini halisimami peke yake. Portland kule Oregon hospitali moja iliwaacha manesi wake wachukue mapumziko yao ya kazini kwenye bustani ya hospitali badala ya kukaa ndani, matokeo yakatoka 2018, uchovu wa kihisia ukapungua, na hapo hawakulima chochote, walikaa tu kwenye majani wakapumua. Hata huyo mtafiti Roger Ulrich anayetajwa na kila mtu, 1984, aliwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa nyongo hospitali moja Pennsylvania, waliolala dirisha likitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Kwa hiyo mtu akikwambia majani yanatuliza, hakudanganyi.

Kuna na lile la udongo wenyewe, kwamba una bakteria wa furaha. Hili linanifurahisha kwa sababu asili yake ni hapa jirani, yule bakteria anaitwa Mycobacterium vaccae, aina inayotumika kwenye tafiti ilitolewa kwenye tope la maeneo ya Ziwa Kyoga, Uganda. Wakaja kumjaribu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, hawakuishi zaidi ya wengine ila maisha yao yakawa na unafuu fulani, alafu 2007 kule Bristol wakawapa panya huyo bakteria akiwa ameshauawa, seli za ubongo zinazohusika na serotonini, ile kemikali ya ubongo inayogusa hali ya moyo, zikachangamka. Ni jambo zuri. Lakini panya kupewa bakteria maabara na wewe kupalilia bamia Mbagala ni vitu viwili, na anayekwambia shika udongo upate serotonini ameruka ngazi nyingi sana hapo katikati.

Sasa usingizi.

Mwili una saa yake, waliochambua inavyofanya kazi ndani ya seli walipewa Nobeli 2017, Hall, Rosbash na Young. Kitu kinachoiweka sawa hiyo saa kuliko vyote ni mwanga unaoingia machoni, na mwanga wa nje hauna mpinzani. Ndani ya ofisi yenye taa nzuri unapata kama luksi (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500, toka nje asubuhi jua likishapanda unaongelea luksi elfu kumi na kuendelea, hata kukiwa na mawingu bado ni mara nyingi zaidi ya hiyo taa. Mtu anayelala usiku mwanga wa asubuhi ni rafiki yake, unamwamsha na usiku analala mapema. Mtu wa naiti yeye ndo kwanza anataka kulala, ubongo unaambiwa kumekucha kaka, amka. Anaingia kitandani saa 3 asubuhi moyo umetulia kwa sababu ya mchicha, lakini macho makavu, anageuka, saa 7 mchana ameshaamka na jasho.

Na siyo nadharia. Mwaka 1990 mtafiti wa usingizi Charles Czeisler na wenzake waliwawekea vijana waliofanya majaribio ya kazi za usiku mwanga mkali sana usiku, luksi 7,000 mpaka 12,000, na mchana wakawalaza kwenye giza kabisa. Mchana wakawa wanalala kwa karibu masaa 8 wakati wenzao waliobaki kwenye taa za kawaida hawakufikisha masaa 6. Tafiti zilizofuata zikaonyesha hata kuvaa miwani ya giza njiani kurudi nyumbani kunasaidia. Yaani sayansi inamwambia mtu wa naiti atoke kazini ajifiche jua, washauri wa bustani wanamwambia atoke kazini akasimame juani. Wote wanadai wanamtafutia usingizi.

Wapo wanaojibu hapa, na wana hoja. Wanasema siyo kila mtu wa naiti anataka saa ya mwili wake igeuke. Nesi anayeingia naiti mbili tatu alafu anapata ofu na kurudi dei, huyo mwili wake hauwahi kugeuka hata ungetaka, na ukimgeuza nusu nusu unamtesa zaidi, bora abaki mtu wa mchana anayekopa usiku chache. Kwa huyu jua la asubuhi siku za ofu ni zuri kabisa, linamrudisha kwenye mstari na bustani inampa sababu ya kutoka nje badala ya kulala mpaka jioni. Hapo nawaunga mkono. Ila mlinzi anayekaa lindo usiku sita kwa wiki mwezi mzima, mwaka mzima, ni mtu mwingine. Ushauri mmoja kwa wote wawili hauwezi kuwa sawa, na tatizo la makala nyingi za tiba ya bustani ni kwamba wakisema wafanyakazi wa usiku wanawaweka kapu moja, na tafiti wanazozitegemea nyingi zilifanywa kwa wazee, wagonjwa na wanafunzi, watu wanaolala usiku.

Kinachofuata ni basi alime jioni kabla ya kwenda kazini. Kwenye karatasi inapendeza. Alale saa 2 asubuhi, aamke saa 8 au 9 mchana, saa 10 jioni jua limepoa ashike bustani yake nusu saa, aoge, aondoke. Mwanga wa jioni unaichelewesha saa ya mwili kuelekea usiku, ndo anaoutaka, na mwili ukichangamka saa hizo haumharibii kitu kwa sababu anaenda kukesha. Kama mtu anaweza, hiyo ndo ningempa.

Lakini angalia ramani. Ulaya wakati wa kiangazi jua linazama saa 3 au 4 usiku, mtu ana mchana mrefu wa kutosha kulala na bado akapata saa za bustani. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua saa 12 kwa saa 12 mwaka mzima, na shifti za walinzi wengi ni hizo hizo, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Maana yake mchana wote wa Mungu ni wake wa kulala, kusafiri, kula, kuonana na watoto na kufuatilia mambo yake, na toa saa mbili mbili za daladala kwenda na kurudi kwa anayekaa mbali. Ukimwongezea nusu saa ya bustani inakatwa wapi? Inakatwa kwenye usingizi, hakuna pengine. Na nesi mwenye watoto ndo usiseme, akiamka saa 8 kuna kupika na sare za shule, bustani inakuwa kazi ya nne.

Hapo pia kuna suala linaloniudhi kidogo. Walinzi wetu wengi wa majumbani tayari wanalima. Asubuhi lindo limeisha, bosi anatoka getini anasema kabla hujaondoka mwagilia maua yale na upunguze ukoka. Udongo ni ule ule, kwa hiyo kama udongo ndo tiba walinzi wa Dar wangekuwa watu waliotulia kuliko wote. Waliopimwa Amsterdam walilima viploti vyao, kwa hiari yao, na mboga wanakula wenyewe, na nadhani sehemu kubwa ya dawa iko hapo. Hata historia yetu inalijua hili, Tanzania iliwahi kuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili ambako kulima ilikuwa sehemu ya matibabu, Hombolo kule Dodoma na Vikuruti nje ya Dar, na wazo lilikuwa zuri, mgonjwa arudi kuwa mtu mwenye shughuli na siyo wa kufungiwa wodini. Ila swali la kazi hii inamtibu au inamtumikisha huwa halikai mbali na jembe.

Upande wa kutetea bustani kuna jambo moja wataalamu wa usingizi hawaligusi, pesa. Stresi ya mtu wa naiti huku siyo homoni tu, ni mboga ya leo itatoka wapi. Mchicha unavunwa wiki tatu nne, matembele ukichomeka vijiti vyake yanaendelea tu, na siyo lazima uwe na shamba, Kibera kuanzia 2008 watu walipanda sukuma kwenye magunia juu ya vijia vya matope na familia zikala. Mtu akijua mboga ipo nyuma ya nyumba analala na wazo moja pungufu. Hilo nalihesabu. Ukiwa na chumba cha bati kinachogeuka tanuri saa 6 mchana, ukapandisha pasheni kwenye dirisha na ukuta unaopigwa jua, unapata kivuli na giza kidogo, na hapo mmea unakusaidia kulala bila hata wewe kuugusa. Naona hii ni matumizi mazuri ya bustani kwa mtu wa naiti kuliko kupalilia. Na mchaichai, kikombe chake asubuhi hakina kafeini wakati kahawa uliyokunywa saa 10 alfajiri ili usisinzie, saa 3 asubuhi kama nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini. Ila jamani maji ya kumwagilia yafunikwe, madumu na visahani chini ya vyungu ndo nyumba ya mbu wa dengue, Dar 2014 na 2019 tuliona, na yule mbu anauma mchana, saa ambazo wewe umelala.

Kwa hiyo kama uko naiti za kudumu na una bustani, mimi ningesema asubuhi pita, vaa kofia na miwani nyeusi, ingia ndani, funga pazia zito. Mwachie mwenzako au mtoto amwagilie. Wewe chukua jioni kama ipo, na siku za ofu. Kama una shifti za kuzunguka, asubuhi ya ofu ni yako, jimwage. Na kama hupendi kulima usijilazimishe, kukaa tu chini ya mwembe dakika kumi na tano kunahesabika, wale manesi wa Portland hawakushika jembe.

Wasiwasi wangu uliobaki uko kwa waajiri, maana naona wameanza kuipenda hii habari. Kupanda maua nyuma ya wodi ni rahisi kuliko kuajiri manesi wawili zaidi, na picha inatoka nzuri. Shirika la utafiti wa saratani la dunia, IARC, tangu 2007 linaiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na 2019 waliangalia upya wakabaki pale pale. Kitu cha uzito huo hakitibiwi kwa vyungu vya maua. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, iwe na nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na siku isizidi saa 12 za kazi hata ukiweka ovataimu. Muulize mlinzi yeyote wa mtaani kwako anaipata hiyo asilimia 5 au ndo anaisikia kwako.

Mwajiri akitaka kweli kuleta bustani, sawa, aiweke pale kazini, aweke na kiti, alafu nusu saa yake ikatwe kwenye muda anaoulipia, saa 11 jioni mtu akiripoti aanzie huko, asiikate kwenye usingizi wa mtu. Bosi akikubali hilo nitajua anamaanisha tiba. Akisema njooni asubuhi mkitoka shifti, ametafuta mtunza bustani wa bure.