Bwawa Tupu, Ukingo Uliojaa

Anayesema mabwawa ya milimani hayana ndege hajakosea sana. Wiki ya kwanza ya Juni nilifika Fairholmes, katika bonde la Derwent, Derbyshire, Uingereza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na jua lilikuwa limekwisha toka. Nikaelekeza darubini majini: bata wawili, na familia moja ya bata bukini wa Kanada. Basi.

Mabwawa yako matatu, yamefuatana bondeni: Howden la 1912, Derwent la 1916, na Ladybower lililofunguliwa mwaka 1945 baada ya kumeza vijiji viwili, Derwent na Ashopton. Maji yake hushuka kutoka kwenye udongo mweusi wa mboji wa vilele. Yana uchachu, hayana rutuba, tena kina chake ni kirefu. Kimo hupanda na kushuka kila mara, kwa hiyo majani hayapati nafasi ya kuota ukingoni. Bata atakula nini hapo?

Lakini kupanda na kushuka huko ndiko kunakoacha ukanda wa mawe matupu kati ya maji na nyasi, na ukanda huo una mwenyewe: kitwitwi, yule ndege mdogo wa kahawia mwenye tumbo jeupe, asiyeweza kusimama bila kutikisa mkia. Wasomaji wa pwani mnamjua, maana huwa ufukweni kwetu miezi ya kaskazi. Hawa wa Uingereza huenda zaidi Afrika Magharibi, kisha hurudi kuja kutaga mayai manne kwenye nyasi karibu na mawe hayo.

Kufikia saa tatu nilikuwa nimewahesabu saba, nimemsikia sululu juu kwenye nyika, na kekeo akiita ng'ambo. (Kekeo sikumwona. Sijawahi kumwona nikimtafuta.) Nikateremka kwenye mawe, nikafungua mkate wangu.

Kitwitwi mmoja akaanza kulia. Akaruka nusu duara juu ya maji, akatua, akalia tena. Nikafurahi jinsi alivyokuwa karibu, nikapiga picha. Dakika kumi zilipita kabla sijaelewa kwamba hakuwa akiimba. Vifaranga walikuwa mahali fulani kati yangu na maji, wamejibanza kwenye mawe, wana njaa, wanasubiri niondoke. Vifaranga wa kitwitwi hutoka kiotani siku ileile wanapoanguliwa na kujitafutia wadudu wenyewe, lakini hukaa wiki tatu hadi nne kabla ya kuruka. Kazi ya mzazi ni kuwalinda, si kuwalisha, na mimi nilikuwa nimekalia meza yao.

Jambo hili si geni hapo. Mtafiti Derek Yalden aliwafuatilia vitwitwi wa eneo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1992 akachapisha utafiti kuhusu namna watu wa kando ya bwawa wanavyowasumbua wakati wa kulea. Sheria ya mwaka 2000 inataka mbwa wafungwe kamba kwenye nyika za wazi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31. Ni sawa kabisa, lakini nyika ni pana na ukanda wa mawe una upana wa hatua chache. Mimi naona kila bwawa lingetengewa kipande kimoja cha ukingo kisichokanyagwa na yeyote Mei na Juni: si mvuvi, si mwenye mbwa, na sisi wenye darubini tuwe wa kwanza kuzuiwa. Tunajiona wapenzi wa ndege, kumbe ndio tunaowasogelea zaidi.

Nilifunga mkate, nikapanda hadi barabarani, nikakaa nyuma ya ukuta. Kelele zilikoma. Baada ya muda kitu chenye ukubwa wa kokwa ya jozi kikatoka chini ya jiwe, kikakimbia hadi majini, kikasimama. Kamkia hakajaota vizuri, lakini tayari kanatikiswa.