Acheni Kugonga Vioo vya Samaki!
Hivi ndugu zangu wa Kigoma, nani alitufundisha kugonga kioo cha samaki? Chumba chenyewe cha maonyesho ya samaki ni kidogo, matangi ya kuhesabu, samaki wa Ziwa Tanganyika letu hilihili. Hujavuka mlango unasikia ngo! ngo! ngo! Mtoto anagonga kwa kijiko, baba kwa funguo, shangazi kwa pete. Mnamwita samaki aje wapi, sebuleni?

Samaki huhisi mtikisiko kwa ubavu wake wote! Pale kuna jike amebeba mayai mdomoni, anayalinda. Akishtuka anaweza kuyatema, au kuyameza kabisa. Kizazi kizima kinapotea, kisa? Mtu alitaka ageuke, apigwe picha! Na yule mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono: unagonga, anajificha, halafu unalalamika, "Mbona tangi tupu?" Umemfukuza mwenyewe!

Wengi wa samaki hawa hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Watu wa Ulaya wanawanunua kwa pesa nzito. Sisi tunawafikia kwa bodaboda kutoka Mwanga, tunawatwanga ngumi za kioo?

Na ninyi wa flashi, msicheke. Zimeni!