Panji Yuko Juu Yetu, Tumsome

Shuleni nilikaririshwa kwamba msafiri aliyepotea usiku aitafute Nyota ya Kaskazini. Nikaamini. Ukubwani ndipo nikajua kwamba nyota hiyo haionekani Tanga hata anga iwe safi namna gani: sisi tuko kusini mwa ikweta, nayo iko chini ya upeo. Iliniuma, na bado inaniuma. Mtoto wa kijiji cha Kigombe, pwani ya Tanga, anafundishwa anga la watu wengine, na lake linampita kila usiku bila yeye kulijua.

Mimi ningeanza kumfundisha na nyota moja hafifu iitwayo R Doradus, ya kundinyota la Panji. Ndiyo, samaki panji huyuhuyu anayeshushwa ufukweni, yule ambaye akitolewa majini dhahabu na kijani chake hufifia ukimtazama. Nyota nayo ina tabia hiyo. Mwangaza wake hupanda na kushuka kwa karibu miezi 11, na ukishuka sana huioni bila darubini ndogo.

Lakini ukiacha Jua, katika nyota zote zilizopimwa, hii ndiyo yenye sura pana kuliko zote ikitazamwa kutoka duniani. Vipimo vilivyotolewa mwaka 1997 viliipa nafasi hiyo mbele ya Betelgeuse, nyota nyekundu ambayo kila mpenda anga anaijua. R Doradus ni jitu jekundu, yaani nyota iliyovimba uzeeni, kipenyo chake kama mara 350 ya kile cha Jua. Ingekaa mahali pa Jua, Dunia ingekuwa ndani ya tumbo lake. Inafifia machoni kwa sababu uso wake umepoa, una takriban nusu ya joto la uso wa Jua, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni ule wa joto usioonekana kwa jicho. Uzito wake haupishani sana na wa Jua letu, kwa hiyo ukiitazama unaona hali ya Jua miaka bilioni 5 ijayo. Mwaka 2023 darubini za ALMA, kule jangwa la Atacama nchini Chile, ziliona uso wake ukitokota kama uji: mapovu ya gesi, kila moja ukubwa wake mara 75 ya Jua, yakipanda na kuzama.

Januari, kaskazi ikivuma, nilimpeleka ami yangu ufukweni mwendo wa saa tatu usiku. Tulitembea mbali kidogo, maana kuna taa nyeupe zimeelekezwa baharini usiku kucha bila kummulikia mtu yeyote. Ningeomba zizimwe, au angalau ziinamishwe chini.

"Suheli ile pale," akanionyesha yeye mwenyewe ile nyota angavu ya kusini, hakungoja nimuulize. Nikamwambia ashuke kidogo, aende kulia, thuluthi moja hivi ya njia kutoka upeo hadi utosini. Akashika darubini kwa mikono miwili, akanyamaza muda mrefu. Kidoa chekundu. Nikamweleza kwamba mwanga ule ulianza safari miaka 180 hivi iliyopita, Seyyid Said akiwa bado anatawala Unguja.

"Panji nimemvua tangu ujana wangu, mwanangu," akasema. "Huyu hakuna aliyenionyesha."

Akainua tena darubini.