Pikipiki za V8: Sifa Ziende kwa Lita au kwa Mkono wa Fundi?

Hapa Tanzania ukitaja V8, mtu anafikiria Land Cruiser la mkubwa fulani likipita na vioo vyeusi. Lile la dizeli lina injini ya lita 4.5. Sasa chukua injini kubwa kuliko hiyo, V8 ya Chevrolet ya lita 5.7, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kama herufi V, uipachike katikati ya magurudumu mawili, uweke kiti nyuma yake na usukani mbele. Hiyo ndiyo Boss Hoss, pikipiki ambayo Monte Warne alianza kuitengeneza mwaka 1990 katika mji wa Dyersburg, jimbo la Tennessee, Marekani. Kwa hesabu ya kijiweni ni injini 38 za Boxer ya cc 150 zimekusanywa mahali pamoja, na uzito wake unafika nusu tani.

Ukiitaja mbele ya waendesha pikipiki, watu wanagawanyika papo hapo. Wapo wanaoshika kichwa kwa raha, na wapo wanaouliza: ya nini yote hiyo? Swali ni la haki.

Hoja nzito ya wakosoaji ni kwamba pikipiki ni wepesi. Dereva wa bodaboda akikuta njia imezibwa, anashusha mguu, ananyanyua mkia wa chombo kidogo, anageuza na kwenda zake. Nusu tani haifanyiwi hivyo. Boss Hoss imebidi iwekewe gia ya kurudi nyuma kama gari, kwa sababu ukiiegesha pua ikiangalia bondeni, hakuna miguu ya mtu itakayoirudisha juu. Injini nayo imelala kwa urefu, krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani yake, ikifuata mstari wa safari, kwa hiyo ukiwa umesimama ukavuta mafuta kidogo tu, chombo kizima kinainama upande mmoja na usipokita miguu kinakwenda nawe. Za mwanzo zilikuwa na gia moja tu. Nguvu ilikuwa nyingi mno kuhitaji nyingine. Ongeza joto la injini ya gari iliyo kati ya magoti yako, utaelewa kwa nini wapo wanaosema hiyo si pikipiki tena.

Kuna hoja nyingine, ya historia, na hii inanigusa zaidi. Desturi ya Wamarekani kujiundia pikipiki ilianza kwa kupunguza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Harley-Davidson WLA za jeshi ziliuzwa kwa raia, na vijana waliotoka vitani walizikata madigadi na kung'oa kila kilichoonekana mzigo ili zikimbie. Pikipiki iliyokatwa na kubadilishwa umbo hivyo huitwa chopper, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la kukatakata. Anayejisifia lita sita leo ameigeuza desturi hiyo juu chini, na akiambiwa hivyo hana jibu jepesi.

Pamoja na hayo, mimi niko na wanaozipenda. Swali la "ya nini" lingekuwa na nguvu kama kila kitu kingepimwa kwa matumizi yake. Mlango wa Zanzibar wenye nakshi na njumu za shaba haumzuii mwizi kuliko mlango wa mbao tupu, lakini hakuna anayemcheka seremala aliyeuchonga. Chuma nacho kina wachongaji wake.

Chukua chopper mashuhuri kuliko zote, ile yenye tangi lililopakwa bendera ya Marekani, aliyoiendesha Peter Fonda katika filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Shokapu zake za mbele zilirefushwa na kulazwa, na chini yake kulikuwa na Harley iliyowahi kuwa ya polisi. Aliyebuni sura yake ni Cliff Vaughs, na aliyeiunda kwa mikono yake ni Ben Hardy, fundi wa Los Angeles. Wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi. Filamu ilipotoka, majina yao hayakutajwa, na miongo ilipita kabla mashabiki wengi hawajajua kazi ile ni ya nani. Dunia nzima ilijua aliyeketi juu ya kiti. Jambo hilo linaniuma kila nikiiona picha ya pikipiki hiyo ukutani.

Kwenye usalama, pande zote mbili huvuta kwao utafiti uleule. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Waligundua kuwa pikipiki za injini kubwa hazikuwa nyingi katika ajali kulingana na idadi yake barabarani, ila zikipata ajali, majeraha yalikuwa mabaya zaidi. Pikipiki zilizobadilishwa kwa mtindo wa chopper, kinyume chake, zilijitokeza kupita kiasi. Nikiusoma hivyo, naona lawama haiuangukii ukubwa peke yake. Inauangukia pia mkono uliokata fremu bila kujua unachokata.

Kelele siitetei. Wapenzi husema ekzosi yenye sauti huokoa maisha kwa kuwa dereva wa gari atakusikia. Lakini ekzosi inatupa sauti nyuma, na ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa katika theluthi mbili hivi za migongano na gari, mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki, mara nyingi akikata kona mbele yake. Anayebaki na sauti ni mgonjwa na mtoto aliyelala kando ya barabara. Vijana wetu wanaotoboa ekzosi za Boxer usiku wa manane wanafanya kosa lilelile kwa cc 150.

Kisha yapo madude ambayo hata mimi yananishinda. Ujerumani, katika kijiji cha Zilly, karakana ya Harzer Bike Schmiede ilipachika injini ya kifaru cha T-55, yenye lita 38 na ushei, kwenye pikipiki ya tani 4.7. Italia, Fabio Reggiani aliunda nyingine yenye kimo cha mita 5.10, na mwaka 2012 ikaendeshwa mita 100 ili iingie kwenye rekodi. Nawaheshimu waliochomelea vyuma vile, lakini kwangu hayo yameshakuwa mnara. Injini ya V8 inanunuliwa ikiwa ndani ya kreti. Mwenye hela anaipata. Kazi ngumu ni kuifanya imtii mtu mmoja mwenye mikono miwili kwenye kona.

Kazi hiyo niliwahi kuiona karibu, kwenye karakana moja ya Tandika. Kijana alileta Boxer akitaka shokapu za mbele zirefushwe na kulazwa kama za chopper. Fundi hakumjibu. Alichukua kipande cha nondo kilichonyooka, akakilaza sambamba na shingo ya usukani hadi ncha ikagusa sakafu, akaweka alama ya chaki. Akaweka nyingine pale tairi lilipokanyaga. Kati ya alama mbili palikuwa na upana wa kiganja. Kisha akainamisha nondo kwa pembe aliyoitaka kijana, akachora tena, na nafasi ikawa shibiri nzima. "Nafasi hii ikipanuka, barabara iliyonyooka utafurahi," alisema. "Kwenye foleni, ukikata kona polepole, usukani utaanguka wenyewe. Na breki hii ya mbele haitoshi." Kijana akaongeza bei mara mbili. Fundi alifuta chaki kwa kandambili, akamrudishia pikipiki yake na shokapu zilezile.