Kurudiana Riwayani: Miaka Iliyopotea Analipa Nani?

Msomaji wa riwaya za mapenzi akiona basi linaingia mji mdogo na kijana anashuka na begi moja, anajua kinachofuata. Aliondoka miaka kumi iliyopita bila kuaga. Sasa amerudi kwa ajili ya msiba au nyumba ya urithi, na kurasa chache tu mbele atakuwa amekutana na yule aliyemwacha. Katika riwaya za Kimarekani, aliyeachwa huwa na duka la keki. Mwisho nao unajulikana: watarudiana, maana aina hii ya uandishi haimsamehi mwandishi anayewatenganisha wapenzi ukurasa wa mwisho.

Wanaozipinga wana hoja nzito. Wanasema vitabu hivi vinamfundisha msichana kusubiri. Mwanamume ametokomea, hajatuma hata salamu, kisha anarudi na machozi mawili na msamaha unamiminika. Maji yakimwagika hayazoleki, watakwambia, na anayepewa kazi ya kuyazoa ni yuleyule aliyeachwa. Kwa vitabu vingi naona wanasema kweli. Mbinu inayoniudhi kuliko zote ni ile ya barua iliyofichwa: sura ya mwisho tunaambiwa mama mtu ndiye aliyeizuia, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Kama hakuna aliyekosa, nafasi ya pili inaombwa ya nini? Na hapa Kenya, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, anayekutaka anakupata. Hata shilingi hamsini inafika na jina la aliyeituma.

Watetezi hujibu kwamba msomaji hakununua kitabu ili ahubiriwe. Ametoka sokoni, miguu inamuuma, anataka faraja. Hilo nalikubali upesi. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni nyingine: haya ni mapenzi ya watu wazima, watu waliokwisha kuonana wakiwa wabaya na bado wanachaguana.

Jane Austen alilionyesha hilo katika Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817, yeye akiwa ameshafariki. Anne Elliot anavunja uchumba akiwa na miaka 19, kwa kushauriwa na rafiki wa familia kwamba kijana hana mali. Anakutana naye tena akiwa na 27. Ninachokipenda ni kwamba kilichowatenganisha kinatajwa waziwazi, na kila kipande chake kinajibiwa kabla hawajapatana: kijana amepata mali katika jeshi la majini, na binti amekomaa, hakubali tena kuamuliwa. Miaka peke yake haikutengeneza kitu.

Ukipeleka kipimo hicho Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya, hadithi inapata nyama. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009, na mji uliokuwa ukila kwa mishahara yake ukakauka. Kijana aliyeondoka wakati huo hakuwa anakimbia mapenzi, alikuwa anafuata unga. Au Nakuru, mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowahamisha watu mitaa waliyozaliwa kwa sababu ya kabila. Wapenzi wa makabila mawili hawakuhitaji barua iliyofichwa ili waachane. (Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini kwa umbea bado ni mji mdogo.)

Na hao wa Webuye hawatakutana penye keki. Watakutana matangani. Naiona sura hiyo: mwanamke ndiye mhazini wa kamati ya mazishi, ameshika daftari la michango. Foleni inasogea. Mwanamume anaweka elfu mbili mezani. Yeye, bila kuinua macho, anauliza, "Niandike jina gani?" Kila mtu chini ya tenti anajua kwamba jina analijua. Mwandishi akiweza hapo, hahitaji kurasa kumi za majuto, kwa sababu kijiji kizima kimeshakuwa shahidi. Kinachonitia shaka ni kwamba shahidi huyo ana upendeleo. Wazee watasema ng'ombe wa mahari walishapokelewa kwa mwingine, na shangazi atamkumbusha kwamba umri unakwenda, na kati ya sauti zote hizo moyo wa mhazini wetu unaweza kupotea kabisa.

Kuna swali jingine ambalo duka la keki haliliulizi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila zenye wake zaidi ya mmoja, ingawa ya kanisani na ya kiserikali ni za mke mmoja. Kwa hiyo mwanamume anaweza kurudi akiwa ameacha mke Nairobi, na bado akadai amekuja kwa nia njema. Wapo watakaoliita hilo uhalisia, na hawakosei. Mimi ningekifunga kitabu: anachotoa ni nafasi ya mke wa pili.

Nikilazimika kuchagua upande, nabaki na watetezi, kwa sharti moja ambalo ni la tumboni zaidi kuliko moyoni. Riwaya ya Kimarekani humfanya aliyerudi abaki mjini kwa furaha, na haisumbuki na mshahara. Webuye lazima isumbuke. Atafungua duka la vifaa vya ujenzi, atanunua bodaboda, au atalima miwa? Mwandishi aseme, na aseme mtaji umetoka kwa nani.