Tusiambiane "Punguza Mawazo"

Mwaka juzi, wakati wa upepo wa kusi, mdogo wangu alichelewa kurudi kutoka ziwani. Wenzake walitia nanga Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, alfajiri na dagaa wao wakaanikwa. Yeye hakuonekana mpaka jua likawa kali. Kumbe injini iliwazimikia, wakapiga makasia karibu njia nzima. Saa zote hizo nilisimama mchangani, mdomo umekauka, mikono ya baridi, tumbo limekaza. Alipokanyaga nchi kavu, mzima, anacheka, nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamrushia na ndoo.

"Dada, si nimerudi?"

Swali lile sijalisahau. Furaha nilikuwa nayo, naapa, lakini kilichotoka kilikuwa hasira.

Majirani waliniambia kile tunachoambiana Kigoma nzima: punguza mawazo. Presha ikipanda, punguza mawazo. Usingizi ukipotea, punguza mawazo. Nia yao njema, lakini wanabisha hodi mlango usio wenyewe. Pale ufukweni sikuwa nawaza chochote. Mwili ndio uliokuwa na kazi.

Ubongo ukihisi hatari haukungoji ufikiri. Sehemu yake ndogo iitwayo amigdala hupiga mbiu, neva zikaamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na adrenalini ikamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, ini linatoa sukari, damu inaelekea kwenye misuli. Mate yanakauka na tumbo linasimamisha shughuli, maana huo si wakati wa kusaga ugali. Mmarekani Walter Cannon aliyaeleza haya mwaka 1915: mwili unajiandaa ama kupigana ama kukimbia. Nyuma ya adrenalini inafuata kotisoli, homoni isiyo na haraka. Kwa kawaida hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, kisha hushuka polepole. Ndiyo maana jambo linakwisha na wewe bado unatetemeka.

Sasa mwili uliowaka namna hiyo hutafuta wa kumwangukia. Mwaka 1962 Schachter na Singer, huko Marekani, waliwadunga watu adrenalini, kisha wakamkalisha kila mmoja na mtu aliyejifanya ana furaha au ana hasira. Wale ambao hawakuelezwa dawa ingewafanyaje walielekea kufuata hali ya mwenzao kuliko walioelezwa. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yenye nguvu ile, kwa hiyo siliegemei peke yake. Lakini nikiikumbuka ile ndoo, naona walikuwa wamegusa kitu.

Hofu ya ufukweni angalau ina mwisho, maana mtumbwi unafika au haufiki. Ipo nyingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sibishani na uamuzi huo. Ila miezi mitatu ya kuhesabu shilingi ni hofu isiyo na wa kupigana naye wala pa kukimbilia, na kotisoli ikikaa juu muda mrefu usingizi unaharibika na uvumilivu unakwisha. Mtaani kwetu tuliona wanandoa wakigombana na watoto wakichapwa kwa kikombe kilichovunjika. Tukasema watu wamekosa adabu. Mimi nasema sehemu kubwa ya ugomvi ule haikuwahusu waliogombana.

Basi tuanze na mwili, maneno yatafuata. Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo; ukiitoa, hupunguza. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayoteremka toka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo siri iko kwenye kutoa. Mimi huvuta nikihesabu hadi nne, natoa nikihesabu hadi nane. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba watu waliovuta pumzi mara mbili mfululizo kwa pua, kisha wakaitoa taratibu kwa mdomo, dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, walichangamka kuliko waliofanya tafakuri ya kimya.

Bibi jirani yangu hajawahi kusikia habari za Stanford. Siku ile alinikalisha juu ya kiroba, akaniwekea ungo wa dagaa tuchambue, akaanza rozari polepole, nami nikaitikia. Ushauri hakunipa hata mmoja. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima wanaosali rozari kwa Kilatini na kukuta pumzi zao zimeshuka hadi takribani 6 kwa dakika. Sisi tulisali kwa Kiswahili, na ikafanya kazi. Nyuradi za Waislamu wa Ujiji sijaona zikipimwa, lakini ukikaa kibarazani ukasikiliza, utasikia pumzi inavyorefushwa.

Maji ya baridi usoni nayo husaidia. Mwili hudhani umezama, moyo ukapunguza kasi. Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza. Na mimi napenda kupanda kwa miguu toka Kibirizi hadi Mwanga, maana misuli iliyoandaliwa kukimbia inapata kazi yake.

Mdogo wangu nilimwomba radhi siku ya tatu. Alisamehe upesi, ila hajaacha kunitania. Siku hizi akichelewa, hupunguza injini akiwa bado mbali na mwalo, akapaza sauti:

"Dada! Umeshanawa uso, au nikae huku huku?"