Nijmegen, 1944: mawingu hayajibu kila swali

Tarehe 22 Februari 1944, ndege nzito za Marekani aina ya B-24 Liberator ziliruka kutoka Uingereza kwenda kupiga viwanda vya ndege vya Gotha, Ujerumani. Mawingu yalikuwa mazito, vikosi vikashindwa kujipanga angani, na amri ya kurudi ikatoka wakati baadhi zimeshaingia Ujerumani. Zikageuza, mabomu yangali ndani, zikitafuta njiani cha kupiga. Saa saba na dakika 28 mchana mabomu yakaangukia katikati ya Nijmegen, mji wa Uholanzi, nchi iliyokuwa imetekwa na Ujerumani, ambayo Wamarekani walikuwa wakipigana ikombolewe. Walikufa watu karibu 800.

Waholanzi huliita shambulio la kimakosa. Wanaowatetea marubani wana hoja nzito: kutua na mabomu ni hatari, waliruhusiwa kupiga shabaha nyingine wakikosa ile waliyotumwa, na Nijmegen uko kilomita chache tu kutoka mpakani. Kwa vijana waliotawanyika angani, wakihofia ndege za adui, kupotea kulikuwa rahisi.

Nazikubali hoja hizo, lakini zinaeleza kwa nini walirudi na mabomu. Kuyaachia ni uamuzi mwingine. Ruhusa ilihusu Ujerumani, kwa hiyo aliyeachia alipaswa kwanza kujua yuko juu ya mji gani. Asipokuwa na hakika, Bahari ya Kaskazini ilikuwa mbele yake, na ndege nyingi zilishatupa mabomu humo. Siku hiyohiyo Arnhem na Enschede, za Uholanzi pia, nazo zilipigwa.

Wapo wanaosema marubani waliilenga reli ya Nijmegen, iliyowafaa Wajerumani. Hili ndilo linalonisumbua zaidi: kama ni kweli, basi hapakuwa na kupotea, ila mlengo uliokosea mita mia kadhaa na kuangukia maduka, makanisa na shule. Ving'ora vilikuwa vimeshatangaza kwamba hatari imepita, watu wakatoka mafichoni. Katika shule moja ya Montessori walikufa watoto 24 na watawa 8.

Septemba mwaka uleule, askari wa Marekani wakaukomboa mji. Ungemlaumuje hadharani aliyekukomboa? Familia nyingi zililia kimya kwa miaka mingi. Ukumbusho wenye umbo la bembea uliwekwa mwaka 2000, pale iliposimama shule ile.